Nyumba Isiyo na Mlango

Jumatatu, 4 Agosti

Ukuta wa tatu umekataa tena. Nimepima, nimekata, ukisimamishwa unazidi. Kumbe ubao wenyewe una unene, na unene nao hupimwa. Mwalimu wa hesabu, mimi. Aibu.

Talaso alisimama akitazama, halafu akaenda zake. Ana miaka minane, na tangu baba yake, Guyo, anioe mwezi wa tatu hanisemeshi mpaka nimuulize kitu. Haniiti mama. Haniiti anti. Haniiti. Mama yake alifariki akiwa mdogo. Najua, namhurumia. Pia nimechoka. Aliona nyumba ya wanasesere kwenye televisheni ya jirani, akamsumbua baba yake juma zima. Sasa tumefunga shule, namjengea. Nataka anipende. Basi, nimeandika.

Jumatano, 6 Agosti

Nimegundisha paa kabla ya kupaka rangi ndani. Nyuma nimeacha wazi ili achezee, lakini chumba cha juu ni chembamba, mkono wangu hauingii. Nikafunga brashi kwenye penseli. Rangi imefika kwenye kiwiko, sakafuni, kwenye buibui langu. Ukutani, kidogo.

Guyo: "Si tungenunua tu Nairobi?"

Nikamwambia atoke. Akatoka akicheka.

Alhamisi, 7 Agosti

Nje nimepaka bluu. Nzuri sana. Nikaianika uani. Mwezi wa nane, Isiolo, mtu mzima anaanika rangi mbichi uani! Upepo ukaleta vumbi lote la barabarani. Ukiigusa sasa ni kama ulimi wa ng'ombe. Nimepiga msasa mpaka vidole vimechubuka.

Kisha wakati wa chakula Guyo anasema akko, bibi yake Talaso mzaa mama, anakuja Jumamosi kutoka Garbatulla. Talaso amempigia simu, ameomba kwenda kuishi naye. Kuishi, si kutembea. Guyo alisema hivyo kama anayeomba chumvi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimempa nyumba yake. Ameizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Watu wataingilia wapi?"

Maneno yake ya kwanza kwangu bila kuulizwa. Nikatazama. Madirisha yapo. Mapazia yapo. Hata zulia lipo. Mlango sikukata.

"Waruke dirishani!" Nimemfokea. Mtoto, kwa swali la haki kabisa.

Akaondoka. Nikachukua kisu ning'oe ukuta wa mbele, nikate mlango. Ukapasuka katikati. Nimeswali na hasira yangu. Leo sijipendi.

Jumamosi, 9 Agosti

Akko amefika kabla ya adhuhuri. Salamu ndefu, habari za mvua, habari za mbuzi. Akaona zile mbao.

"Nani amebomoa?"

"Anti alisahau mlango," Talaso akasema.

Anti. Akko alicheka mpaka akajifuta macho kwa shuka. Nikaona aibu, halafu nami nikacheka, kwa shida.

Chai ilipokwisha nikamuuliza Talaso swali ambalo ningepaswa kuuliza Jumatatu, kabla ya kushika msumeno. "Wewe ungeuweka wapi?"

Akaweka kidole kwenye ukuta wa pembeni. "Huku. Huko mbele upepo utaingiza vumbi."

Akashika ubao, nikakata. Hakuna aliyesema kitu ila "shika" na "ngoja". Mlango umetoka umepinda.

"Umepinda," nikasema.

"Kidogo tu."

Tukaunganisha ukuta wa mbele kwa gundi. Ufa unaonekana. Sikumwomba abaki. Niliogopa kuharibu na hilo.

Jumapili, 10 Agosti

Wameondoka asubuhi, yeye na akko. Hakuna aliyesema ni kwa muda gani. Talaso alinipa mkono kwa adabu, kama mgeni. Guyo amelala tangu watoke.

Nimeingia chumbani kwa Talaso kutandika. Amebeba nguo zake, viatu vya Idi, mpaka kikombe chake. Nyumba ya wanasesere iko juu ya kitanda.

Sare ya shule ameiacha, na muhula unaanza mwisho wa mwezi. Ameifua mwenyewe, ameitundika dirishani, bado inadondosha maji.

Kola haijatakata hata kidogo. Nimeirudisha kwenye beseni, nikaisugua polepole.