Mawaridi ya Kijani

Mpendwa kaka yangu Ngazi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu na huyo mwanenu, ambaye nasikia siku hizi anang'oa miwani ya kila anayembeba. Mimi sijambo, ila mkono wa kulia umefungwa bandeji, na ndiyo maana mwandiko huu umelala upande. Nakuomba usianze kunicheka kabla hujasoma. Wifi mgongo umemwachia? Mwambie mafuta yale ni ya kuchua kila siku, si ya kupaka mara moja na kuyasahau kabatini. Baba naye yupo. Nilitaka kuandika kwamba hajambo, kama ninavyoandika siku zote, lakini barua hii nimeamua isiwe na maneno ya kujazia.

Barua yako niliipata. Unasema hutakanyaga tena hapa mpaka Baba akuite mwenyewe kwa kinywa chake, kwa sababu siku ile ulipomletea mjukuu alikupa kisogo mbele ya mkeo. Sikulaumu. Nilikuwa dirishani, niliona ulivyojiandaa. Ulimwashiria wifi anyamaze, ukaniashiria na mimi, ukanyata mpaka getini na mtoto amelala mikononi, ukasimama mbele ya Baba ukingoja ashtuke, acheke. Yeye akageuza shingo, akaingia zake ndani. Nilipomuuliza baadaye, bila kutaja jina, kwa nini amempa mtu kisogo pale getini, akanijibu kwamba hakuona mtu pale. Jibu hilo nilikufikishia mimi mwenyewe, tena kwa hasira, na sote tulilichukua namna moja, kwamba mzee bado ana kinyongo kwa kuwa uliuacha mwiko wa plasta ukaenda kuuza dari za plastiki. Tangu hapo nyumba hii imepoa. Baba anashinda kwenye kiti chake karibu na mlango, gazeti mkononi, na hanijibu ila kwa mkato. Akimimina chai anatia kidole kikombeni, nami namgombeza kama mtoto.

Sasa nisikilize. Kuna jambo limetokea jikoni kwetu, na tangu litokee sijawa mtu yule yule. Naomba ulisome kwa mpangilio wake, usirukie mwisho kama unavyofanya na kila kitu.

Uliponiacha nilikuwa napika keki. Siku hizi nafanya mashada ya biskuti. Nakanda unga na siagi, nasukuma, nakata kwa vibati vyenye umbo la ua, nachomeka kijiti kwenye kila biskuti kabla haijaingia kwenye oveni. Zikipoa nazivika aisingi nyepesi, ule urojo wa sukari, halafu juu yake nachora petali kwa aisingi nzito, nikiikamua kutoka kwenye mfuko wenye mdomo wa bati. Zikikauka nazipanga kwenye chombo, ndefu katikati, fupi pembeni, nazungushia karatasi na utepe. Ukiziona kwa mbali utasema bustani. Juzi nyuki aliingia dirishani, akazizunguka, akaonja moja, akaondoka amenuna.

Wiki iliyopita manesi wa kliniki ile ya karibu na soko waliniagiza shada. Mkunga wao mkuu alikuwa anastaafu, na maua halisi humpigisha chafya mpaka kofia inadondoka, kwa hiyo walitaka ya kuliwa. Waliagiza mawaridi mekundu yenye majani ya kijani, shada la kubebwa kwa mikono miwili. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na niliipokea kifua mbele.

Biskuti zilitoka vizuri. Mimi ndiye niliyetoka vibaya. Nilishika trei ya mwisho kwa kitambaa kibichi, mvuke ukapenya, kiganja kikaungua chote. Kosa la mtu aliyeanza kupika jana. Nikakaa chini pale jikoni nikalia, kwa sababu mkono ule usingeweza hata kushika kalamu, achilia mbali kukamua petali, na aisingi isipowekwa asubuhi ile isingewahi kukauka. Baba akauliza nalilia nini. Nikamweleza. Akasema nimletee bakuli, angalau akoroge.

Akakoroga. Kisha akasimama, akainua kijiko juu, akainamisha kichwa akisikiliza aisingi inavyodondoka. Akasema hii imelewa maji, na kwamba angeipeleka ukutani ingeshuka yote kabla fundi hajashuka ngazi. Akataka sukari zaidi. Akakoroga tena, akasikiliza tena, akaridhika. Halafu akaniomba ule mfuko, akaupima kiganjani, akaniuliza rangi zimekaa wapi. Nikamwambia nyekundu, ya mawaridi, ni bakuli lililo upande wa birika; ya majani ni lile la upande wa pili. Nikaondoka kidogo kumtengenezea chai, nikarudisha birika mezani penye nafasi, nikakaa kumtazama.

Kaka, nataka kukuuliza. Wewe uliwahi kumwona Baba akifanya kazi? Usikimbilie kusema ndiyo. Sisi tulikuwa chini siku zote. Wewe ulishika miguu ya ngazi mpaka ukapewa jina lake, mimi nilishika ndoo, na tulichokuwa tunakiona ni soli za viatu vyake na vumbi la jipsamu likitudondokea machoni. Tuliona ua likiwa limeshamalizika darini. Mikono ile hatukuwahi kuiona.

Nimeiona sasa. Aliishika biskuti kwa mkono wa kushoto, dole gumba likatangulia ukingoni, na mkono wa kulia ukalifuata lile dole. Akakamua kitovu cha ua, kikasimama. Akazungusha biskuti kidogo, akaweka petali ya kwanza kukikumbatia, akazungusha, ya pili ikaanzia mgongoni mwa ya kwanza. Hakuwa akitazama mikono. Uso wake alikuwa ameuelekeza mlangoni, kama dereva mzoefu anayepiga soga na abiria, nami nikasema moyoni kwamba mzee leo anajionyesha. Petali zilikuwa nyembamba ukingoni na nene chini, na kila moja ilijikunja kwa namna yake, hakuna iliyomwiga mwenzake. Na ya mwisho kabisa aliigusa kwa ncha ya kidole, akaipindua nje, kama mtu anayekunja kola ya shati. Nilisahau mkono unauma. Niliogopa kupumua, kaka, na sitii chumvi. Nilijiuliza nimeishi na nani miaka yote hii.

Alikuwa ameshamaliza maua kadhaa nilipotambua kwamba mawaridi yake yote ni ya kijani. Nikataka kumwambia, ulimi ukagoma. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya getini alikuwa anapiga mluzi. Nikajiambia labda ni utani wake, au kwa mtu aliyefanya kazi na jipsamu nyeupe maisha yake yote rangi ni upuuzi wa watoto. Alipofika kwenye majani akayafanya mekundu. Nikayapanga vilevile.

Nililipeleka shada kliniki nikiwa na maneno ya kujitetea tayari mdomoni. Nesi mmoja alilitazama akauliza kama mawaridi haya yameletwa kabla ya kuiva. Mwingine alikuwa ameshang'ata jani. Lakini mkunga, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alichomoa ua moja akalisogeza karibu na uso, akalizungusha taratibu mpaka akafika kwenye ile petali iliyopinduliwa. Akakaa kwenye kiti. Akaniuliza nani amelifanya. Nikasema ni Baba yangu, fundi wa plasta. Akanishika mkono mzima akanipeleka kwenye chumba cha kujifungulia, kilikuwa kitupu wakati ule, akaninyooshea kidole juu.

Lipo ua darini, kaka. Jeupe, kubwa, na petali yake ya mwisho imepinduliwa nje. Mkunga akaniambia kwamba akina mama wakizidiwa na uchungu yeye huwaambia waliangalie ua lile, wazifuate petali kwa macho moja baada ya nyingine wakipumua, na wakifika kwenye ile iliyopinduka, uchungu unakuwa umepita. Miaka yote amekuwa akiuliza nani aliliweka pale na hakuna aliyejua. Mimi niliangalia juu mpaka shingo ikaniuma. Nilifikiria wanawake wote waliolala pale wakimshika Baba yetu kwa macho, bila kujua kwamba yupo. Mkunga alikataza mtu yeyote asile tena hata jani moja, na yule aliyekwisha kung'ata alitafuna kwa aibu.

Nilirudi nyumbani karibu mbio. Nilimweleza Baba yote, naye akalikumbuka lile ua, akasema dari ya chumba kile ilikuwa na nyufa na akaliweka kubwa makusudi ili lizifiche. Alikuwa anacheka. Ndipo nikamwambia, kwa furaha tu, kwamba hata rangi ya kijani wameipenda.

Kicheko kikakatika. Akauliza kijani gani. Nikamwambia mawaridi yale ya kijani aliyoyatengeneza. Kisha akaniuliza, taratibu sana, nilipomletea chai asubuhi ile birika nililirudisha wapi.

Nililirudisha upande wa pili wa meza, kaka. Mabakuli yalibaki palepale, birika ndilo lililohama. Na Baba alikuwa akipapasa kutafuta joto la birika.

Hapo nikaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja. Gazeti lile anashika tu. Kidole anatia kikombeni kujua chai imefika wapi, na mimi namgombeza. Na kupanda ngazi hakuacha kwa sababu ya magoti, kama alivyotuambia. Akaniambia ukungu ulianza pembeni, ukawa unasogea, na sasa anaona mwanga na vivuli, basi. Alinisihi nisikwambie. Hakusema kwa hasira. Alisema anataka uje kwa hamu, si kwa huruma, na kwamba ukijua utajilazimisha. Nikamwahidi. Ahadi hiyo ninaivunja kwa mkono wa kushoto, na ukija kunilaumu nitakuwa nimefurahi kwa sababu utakuwa umekuja.

Maana nilimwambia pia habari ya getini. Hakuwa akijua. Siku ile aliona kivuli kimesimama kwenye mwanga, akadhani ni mashuka niliyokuwa nimeanika kwenye kamba, akageuka akaingia ndani. Nilipomuuliza akanijibu ukweli mtupu, nasi tukaugeuza tusi. Ukaondoka, na yeye mpaka siku hiyo alikuwa anajiuliza kwa nini mwanawe ana mtoto na hajamleta kuonwa na babu yake.

Nilipomwambia kwamba ulimleta, kwamba ulisimama naye mbele yake bila kusema neno, akaniuliza mtoto alikuwa karibu kiasi gani. Sikujua nimwelezeje. Nikauchukua mkono wake nikaunyoosha mbele, na kabla haujanyooka wote nikausimamisha, nikamwambia hapa. Nikauachia. Hakuushusha, kaka. Alikaa vile, mkono umesimama hewani, vidole vimekunjuka, muda mrefu, na mimi nikaondoka nikaenda kusimama uani kwa sababu sikuweza kutazama.

Nimemwambia tutakwenda kwa daktari wa macho. Anasema sawa, lakini kila nikitaja siku anakumbuka kazi. Na kazi anayo kweli, maana tangu kliniki watu wanakuja kuulizia mawaridi ya kijani, na yeye sasa anayafanya kwa kujua. Mabakuli tumeyapa mahali pake. Birika tumeliwekea sheria.

Ndani ya kiboksi hiki kuna ua moja, nimelifunga kwa karatasi laini. Alilitengeneza jana akasema ni la mjukuu. Hajui kwamba nalituma pamoja na barua. Mtoto hana meno ya kulila, najua, na wewe usimsaidie. Mpe alishike. Msalimie sana wifi, umwombe radhi kwa niaba yangu, kwa sababu niliwaona mkiondoka na sikutoka nje. Majirani wanakusalimu, hata yule uliyemvunjia dirisha.

Baba hawezi kukuita, kaka, kwa sababu anangoja wewe useme kwanza. Ndivyo anavyojua watu siku hizi. Kwa hiyo njoo. Na safari hii usinyate. Anza kusema ukiwa mbali, sema lolote, mwache na mtoto alie akitaka. Ukifika mbele yake, mpe mtoto mkononi.

Mimi mdogo wako,
Kijiko