Jina la Baba Yake Masanja

Jumanne, Rwamgasa

Bega linauma mpaka kalamu inaniponyoka. Leo mchana nilikuwa kwa Bibi Nyamizi, akinisimulia jinsi jirani yake alivyomkata mkono kwa panga zamani, akimwita mchawi. Nayaandika hayo kwenye riwaya yangu, kwa majina halisi, na kijijini wanajua.

Masanja, mtoto wa jirani huyo, akaingia na mpini wa jembe.

"Mwalimu, futa jina la baba!"

Akanipiga, nikaanguka. Akanipiga tena. Ningelifuta, nakiri.

Bibi akasimama katikati yetu, akainua kigutu chake. "Nipige mimi. Baba yako hakumaliza."

Masanja akatupa mpini, akatoka analia.

Nilipomshika Bibi kumshukuru, alikuwa anatetemeka kuliko mimi.

Naogopa Masanja atarudi. Jina la baba yake nimeliacha palepale kwenye riwaya.