Mshahara wa Wafula

Jumatatu, 23 Juni
Mishahara ya shamba la maua tena. Kila mwenye makato anakuja dirishani kunikasirikia mimi karani, kana kwamba kodi nazila mimi. Nimezoea.
Nasimiyu alirudi Kitale jana kutoka mazishi ya shangazi yake Bungoma. Kumbe Wafula alikuwepo. Walisoma pamoja, sasa ana ofisi na gari. Ati alimsaidia kubeba viti. Nani alimtuma? Mchumba wake ni mimi.

Jumanne, 24 Juni
Nasimiyu amepita jioni baada ya shule anakofundisha. Hakukaa.
“Si wewe ni mtu wa mishahara? Mtu akilipwa elfu sitini huko Bungoma, anabaki na ngapi mkononi?”
Nikamuuliza ni nani huyo. Akasema ni mtu tu, akatazama kando.
Mtu tu. Namjua huyo mtu. Anapima kama Wafula anatosha kuolewa naye. Nina wivu na sioni aibu.

Jumatano, 25 Juni
Nimemkata Wafula. Akiba ya uzeeni, toa. Bima ya afya, toa. Ushuru wa nyumba, toa. Kodi, toa. Leo nimeipenda serikali.
Hata hivyo alibaki na elfu arobaini na tano na kidogo. Nyingi mno. Basi kodi nikaipiga asilimia thelathini kwa sitini yote, kama vile viwango vya chini havipo. Nafuu ya kodi ya kila mwezi nikaisahau kwa makusudi. Akabaki na thelathini na tano.
Nikampelekea Nasimiyu jibu hilo. Alinywea. “Hizo tu? Hata zangu za hapa zinashinda.” Nikamwambia Bungoma hakuna kitu bana.
Nimekula vizuri.

Jumapili, 29 Juni
Kanisani amekaa nami. Hajamtaja Wafula hata kidogo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Jumatatu, 30 Juni
Sitini haikuwa ya Wafula.
Ilikuwa ya Nasimiyu mwenyewe. Shule moja ya Bungoma ilimtaka awe mkuu wa idara. Alificha kwa sababu mamake alimkataza kutaja kazi kabla ya barua kutiwa sahihi. Watu wana macho, alimwambia, kazi ikitajwa mapema inaharibika. Hata mchumba asiambiwe.
Ijumaa aliwapigia akakataa. Alinieleza huku akimenya viazi, bila uchungu. Afadhali abaki hapa na zake.
Nimejichukia. Nilimwambia awapigie tena, labda watakubali kuongeza. Alishangaa kwa nini nimeng'ang'ana hivyo.

Jumanne, 1 Julai
Amewapigia. Nafasi imeshachukuliwa na mwalimu kutoka Malakisi.
Nimerudia hesabu yake saa ya chakula, kwa viwango vyote na nafuu yake. Arobaini na tano. Nimerudia tena.

Jumamosi, 5 Julai
Mvua. Nasimiyu amekuja na kuku, ati ni asante. Nilimwokoa, angehama bure.
Nimeanza kumwambia. Nimesema, “Ile hesabu, labda nilikosea.”
Amecheka. “Wewe? Wewe hukosei mishahara.”
Akanipa kidari. Nimekila. Baadaye nimeosha vyombo vyote, yeye akalala kidogo kwenye kiti.