Ng'ombe Kabana Maziwa

Mama Rodrick, upo?

Leo mjukuu wangu Nalepo kakamua huku simu kaiegemeza kwenye nguzo ya banda, macho huko huko. Ng'ombe akabana maziwa. Si unamjua, bila kuimbiwa hatoi?

Nikamwambia, "Zima simu, mama, umwimbie." Akazima. Kimya. Mara machozi!

"Bibi, kukiwa kimya nasikia kichwani naambiwa sifai. Wenzangu wote wazuri, mimi sifai."

Sifai! Nalepo huyu huyu!

Mimi nikaimba. Yeye akakamua, maziwa yakashuka. Alipomaliza akaiwasha tena simu.

Mama Rodrick, tunalala kitanda kimoja na mtoto huyu. Nilidhani simu inamchekesha, kumbe anajikimbia.