Mke Wangu Si Bubu

Mama Helena, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimebanwa kweli, na si kawaida yangu kuomba ushauri, mimi ndiye huombwa, maana wakati wa ujenzi wa reli nilikuwa mkalimani wa kambi, kila waliogombana waliletwa kwangu, nasema Kisukuma cha kwetu, Kihehe, Kibena, Kisangu na Kinyakyusa cha kutosha, na ninalo daftari nilimoandika maneno yenye sura moja na maana mbalimbali, kwamba tata kwa Mnyakyusa ni baba na kwa Mswahili ni jambo lililosokotana, na Mbena akiita dada anamwita baba yake mzazi, kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mtu asiyejua mambo.

Mwaka jana nilimwoa Ikupa, binti wa Mzee Asukile, Mnyakyusa wa milimani kule Mbeya, ndiye anayeanzisha nyimbo katika kwaya ya kanisa letu hapa Kihesa, na mwezi wa sita nikampeleka Usangu kwa wazazi wangu waliohamia huko na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na kwetu mkwe akimwona baba wa mumewe anapiga magoti na kumwamkia kwa mwangaluka, asipofanya hivyo ametukana ukoo mzima. Basi tunafika, baba yangu Mzee Mihayo amekaa mlangoni pa zizi amevaa koti lake la sikukuu, ndugu wote wamejipanga, na Ikupa alipomwona tu akajifunika khanga mpaka puani, akageuka, akaenda kuchutama nyuma ya ghala la mpunga. Baba akamwita, kimya. Akamwita tena, kimya, na ndugu wakaanza kunong'ona, na baba akaniuliza, "Maganga, huyu uliyeniletea ananidharau?" na mimi mkalimani wa watu wote nikasikia mdomo wangu unasema, "Baba, usimlaumu. Ni bubu tangu utotoni."

Mama, baba alilia. Akachinja dume. Na mama akawa anamsemesha mke wangu kwa mikono, na kwa kuwa Ikupa hajui Kisukuma naye akajibu kwa mikono huku anacheka, siku nne hivyo hivyo, na tulipokuwa kwenye basi la kurudi akaniambia, "Wakwe zangu wana upendo! Na mimi sikuwaangusha, baba yako hakuuona uso wangu hata mara moja." Ndipo nikaelewa kwamba kwao mke hamkaribii baba mkwe wala hamwangalii, kumkwepa ndiyo heshima yenyewe, na kwamba alichofanya nyuma ya lile ghala kilikuwa adabu ya hali ya juu. Niliona aibu, sikumwambia nilichomsingizia.

Sasa Ikupa ana mimba ya miezi sita, na imekuja barua ya baba aliyoandikiwa na kaka yangu Ndalahwa, inasema wamenitafutia mke wa pili, binti anaitwa Mbuke, azae watoto wenye sauti, ng'ombe wa mahari wameshatengwa, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi baba anakuja hapa na mganga wa kufungua ulimi wa Ikupa. Simtaki Mbuke, nampenda mke wangu, nifanyeje? Nijibu humu gazetini, Ikupa hasomi gazeti, anasikiliza redio tu.

Ni mimi Maganga, karani wa ghala, Kihesa.

*

Marahaba, Maganga.

Ikupa hasomi gazeti, lakini kwaya nzima inasoma. Muda ulio nao ni kuanzia ulipolinunua hili mpaka watakapolinunua wao, kwa hiyo soma haraka.

Nakuonea huruma, na nimecheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Mimi ni Mhehe wa hapo hapo Kihesa. Nilipoolewa Tukuyu, kwa Wanyakyusa, asubuhi ya kwanza nilimfuata baba mkwe, nikamwamkia kwa sauti kubwa kwa adabu zote za kwetu. Watu walitawanyika kama wameona nyoka. Wifi yangu Marta alinivuta mkono mpaka jikoni akaniambia, "Wewe, huyo hasogelewi!" Nililia siku nzima. Lakini hakuna aliyesema mimi ni kichaa ili yaishe, na hapo ndipo wewe ulipoharibu.

Ungeweza kusema, "Baba, ngoja nimuulize mke wangu." Ulishindwa kwa sababu mkalimani hodari haulizi mbele za watu. Una daftari zima la neno moja kuwa na maana hii hapa na ile pale, na hukujiuliza kama kunyamaza nako kunaweza kuwa hivyo hivyo. Ikupa alimheshimu baba yako kuliko alivyowahi kuheshimiwa na mkwe yeyote, na wewe ukaitafsiri heshima hiyo kuwa ulemavu. Umemdhulumu mkeo, Maganga. Umemdhulumu na mzee aliyelia machozi ya bure.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kusoma, nenda nyumbani ukamwambie Ikupa yote, na la Mbuke usilifiche. Atakasirika. Kaa hapo hapo akasirike, usikimbilie kazini. Kesho panda basi uende Usangu kabla baba yako hajaja. Usimtume Ndalahwa, wala usiandike barua, maana kwa kalamu utajipamba. Piga magoti wewe mbele ya lile zizi, useme kwa Kisukuma kwamba ulidanganya, na umweleze kwamba kwao Ikupa kumkwepa baba mkwe ndiyo heshima. Mganga abaki kwake. Binti wa watu aachwe atafute mume asiye na mambo haya.

Kisha mkaribishe mzee aje Jumamosi ile ile aliyopanga. Muulize Ikupa, yeye ndiye mwenye kusema ndiyo au hapana, na akikubali, Jumapili mweke baba yako kwenye kiti nje ya dirisha la kanisa, upande wa migongo ya wanakwaya. Hatauona uso wa mkwewe, lakini ataisikia sauti yake inaanzisha wimbo. Wewe kaa chini pembeni ya kiti, na akiinama kukuuliza bubu ni nani kati yenu wawili, inua mkono.