Bunduki ya Ng'ambo na Debe Langu

Kwako mume mwenzangu Baraka,

Huku Mjimwema baridi imetukamata, lakini tunaamka. Bibi yako, yaani mke wetu, anakusalimu na anasema pichani umekonda.

Umeuliza kama wenye vibali vya silaha watanunua hizo bunduki za mtindo wa jeshi mnazotaka kuagiza nje huko kazini kwako, zenye risasi za kipimo cha kigeni. Watanunua sana! Enzi zetu kijana mmoja wa Makambako aliagiza yake. Jumapili baada ya ibada akaileta kwa akina bibi yako, maana naye, kama mimi, alitaka kumwoa. Akalenga makopo, paa! paa! Watu wakashangilia mpaka risasi zikamwishia.

Jioni ile ile nguruwe pori wakaingia kwenye mahindi ya mama mkwe.

"Piga basi, mwanangu!" mama akalia.

"Risasi zimeisha, mama. Za aina hii Njombe nzima hakuna, mpaka niagize ng'ambo."

"Basi waombe nguruwe wakusubiri!" nikamwambia.

Nikashika debe na rungu, nikaita mbwa, nikaingia. Niliishia darasa la nne mimi, lakini nguruwe walitimka kama wameona simba. Mahindi yakapona.

Kwa hiyo, msomi wangu, ziagizeni, ila risasi zije nazo, na ziendelee kuja. Yule bwana hakupata nguruwe wala mke. Debe langu lipo mpaka leo, mke wetu analipimia mahindi.

Ni mimi babu yako, mshindi wa Makambako yote.