Tulishusha Mikono

Malvern, Johannesburg
Jumatano

Yaya Célestine, dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji na watoto, na mama mkubwa pia kama bado yuko hapo kwako. Mguu wake unaendeleaje? Na lile paa la jikoni, mmeliziba, au mvua bado inawanyeshea mkipika? Mimi ni mzima. Ninakula, na kazi nafanya siku zinazowezekana. Pua yangu imepona, imebaki alama ndogo tu, na habari ya pua utaikuta mbele.

Najua umeshangaa kupata karatasi wakati umezoea kusikia sauti yangu. Barua hii nimempa Mama Mamie, ambaye anapanda basi la Lubumbashi na mizigo yake ya biashara. Simu siiamini tena, yaya. Nakuomba uisome ukiwa peke yako, mlango ukiwa umefungwa, kisha shemeji umwambie utakayoona yanafaa.

Unamkumbuka Hénock, yule kijana wa Katuba niliyekuwa nafanya naye mazoezi ya ndondi kwenye klabu yetu hapa mjini? Ulikuwa ukinicheka kwamba nimeacha kwaya nikaenda kurushiana ngumi na wanaume. Nilikuambia kwamba amefariki, lakini sikukuambia amefariki vipi, kwa sababu ulikuwa umetoka kujifungua na sikutaka ulie.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Polisi walifika hapa Jules Street wakikagua watu wa madukani. Hénock alikuwa ametoka kazini, amevaa bado sare yake ya ulinzi, amesimama penye spaza, kiduka cha mtaani, ananunua mkate. Unajua jinsi alivyokuwa mweusi, kama baba yake. Wakamchagua yeye kati ya watu wote waliokuwa kwenye foleni. Wakamwambia mtu mweusi namna hiyo hawezi kuwa wa hapa. Karatasi zake akawaonyesha, wala hawakuziangalia. Wakamwuliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, maana huo ndio mtihani wao wa kumjua mgeni. Hénock neno alilijua, alikuwa ameishi hapa miaka, lakini ulimi wake ulikuwa wa kwetu. Wakacheka. Halafu wakamwingiza nyuma ya gari, na watu wa spaza waliona gari likitikisika. Jumatatu akafia hospitalini. Polisi walisema alikuwa anakimbia akaanguka kwenye ngazi. Yaya, pale kwenye spaza hakuna ngazi hata moja.

Kocha wetu anaitwa Ntuli, mzee wa hapa hapa, Mzulu. Baada ya mazishi alituketisha wote ulingoni akatukumbusha kwamba yalikuwa yamekaribia yale mashindano ya kila mwaka, klabu za jiji dhidi ya klabu ya polisi. Kila mwaka tunapigana nao, tunapeana mikono, tunapigwa picha, wanasema huo ndio urafiki. Baadhi ya wenzetu walisema tusiende. Mmoja wa wenyeji alisema mambo ya wageni wayamalize wageni wenyewe. Ntuli akamwonyesha mkono wake, akamwambia, “Angalia ngozi hii. Hénock aliuawa kwa sababu ya hii. Wewe yako umeiacha nyumbani?” Kisha kocha akasema tusipokwenda watatangaza kwamba tuliugua. Tutakwenda, tutapanda ulingoni mmoja mmoja, na kengele ikilia tutashusha mikono. Hatutapiga wala hatutajikinga.

Pambano la kwanza lilikuwa la wanawake. Maana yake lilikuwa langu.

Nitakuambia ukweli, kwa sababu wewe ndiye uliyenilea: niliogopa. Karatasi yangu ya ukimbizi inakaribia kwisha, na wanaoweza kunikamata ndio hao hao niliokuwa naenda kuwaaibisha mbele ya watu. Na mashindano yalikuwa Alexandra. Unajua yaliyompata mjomba kule Alexandra mwaka ule wa 2008, wageni walipopigwa na kufukuzwa, jinsi alivyorudi kwenu bila viatu. Mimi sijawahi kukanyaga huko bila kuwa na sababu. Siku ile kwenye teksi nilikuwa naomba tu kila taa ya robot barabarani iwe nyekundu, tuchelewe, watufungie mlango.

Hatukuchelewa. Ukumbi ulijaa, polisi upande mmoja na wake zao na watoto, watu wa Alexandra upande wa pili. Mpinzani wangu alikuwa konstebo mmoja anaitwa Refilwe. Ni mwembamba, mikono mirefu, ana mkono wa kushoto ambao watu wa klabu zote wanauogopa. Tuligusanisha glavu. Kengele ikalia. Mimi nikashusha mikono, nikasimama.

Yaya, mwili haukubali jambo hilo. Miaka yote nimeufundisha kujikinga, sasa naukataza. Refilwe alidhani ni ujanja. Alinizunguka, akarusha ule mkono wa kushoto, ukanipata puani. Damu ikaja mpaka kwenye meno. Sikuinua mikono. Mwamuzi akanipigia kelele nipigane. Refilwe akageuka kumtazama kocha wake, na kocha wake akamwambia, “Piga!” Akanipiga tena, lakini safari hii taratibu, na nilimwona usoni kwamba alikuwa ameelewa. Hakupiga ya tatu. Mwamuzi akanitoa ulingoni kwa kukataa kupigana.

Watu walizomea. Nilisikia wakiniita kwerekwere, tusi lao kwa wageni, wakisema nirudi kwetu, na chupa ya maji ikapita karibu na sikio langu. Nilitafuta mlango kwa macho nikauona uko mbali sana, na mbele yake wamesimama polisi. Hapo nilijua nitakufa Alexandra.

Halafu akapanda Thabang, mwenzetu wa uzito wa kati, ambaye amezaliwa mtaa wa nyuma ya ukumbi ule. Watu wakaimba jina lake. Kengele ikalia, naye akashusha mikono. Yule polisi wake alimpiga ngumi nyingi, si moja wala mbili, mpaka akamwangusha. Thabang aliinuka, mikono chini, akasema kwa sauti kubwa, kwa Kizulu, “Ndugu yangu Hénock alikwenda kununua mkate.” Zomeazomea ikakatika. Wa tatu alipopanda na kushusha mikono, watu wa Alexandra walikuwa wamesimama kimya wote, na polisi wakawa wanawatoa watoto wao nje. Mashindano yakaishia hapo.

Wengine walifurahi usiku ule. Mimi sikufurahi. Picha yangu na damu usoni ilizunguka kwenye simu za watu jiji zima, na gari la polisi likaanza kuegeshwa ng'ambo ya saluni ninamosuka nywele. Halifanyi kitu, linakaa tu. Wateja waliliona wakapungua. Murielle mwenye saluni ni mtu mwema, lakini naye ana watoto, akaniomba niwe nakuja siku ambazo gari halipo. Nikawa natoka nyumbani kwa njia hii, narudi kwa njia ile. Mtu akikohoa nyuma yangu, navuka barabara.

Siku moja gari halikuwepo, Murielle alikuwa amekwenda kununua mafuta ya nywele, nilikuwa peke yangu. Mwanamke akaingia amevaa kofia ya sufu na koti la kawaida. Akakaa kwenye kiti, akavua kofia, akasema anataka kusukwa. Nilipomtazama kwenye kioo nilimtambua. Alikuwa Refilwe.

Nilitaka kukimbia. Nilijisemea kwamba nje wapo wenzake wananingoja nitoke. Kwa hiyo nikafanya kitu pekee ambacho mikono yangu inakijua: nikachukua kitana, nikamgawa nywele, nikaanza kumsuka. Kisha akaniuliza kwa nini sikumrudishia ngumi. Nikamjibu kwamba niliahidi. Akaniuliza kama niliogopa. Nikamwambia ninaogopa mpaka sasa.

Ndipo akaanza kusema, akitazama chini. Akasema siku ya Hénock yeye alikuwa kazini, alikuwa ndani ya gari lile, kiti cha mbele. “Mimi ndiye niliyemwuliza lile neno,” akasema. “Ulikuwa mchezo wetu. Nilifundishwa na wakubwa wangu. Alipolikosea tulicheka, na mimi nilicheka.” Akasema wenzake wawili walipomwingiza nyuma na kuanza kumpiga, yeye alibaki mbele na kufungulia redio. Baadaye mkubwa wao aliwaambia waseme ngazi, naye akasema ngazi.

Yaya, nilikuwa nimeshika nywele zake mkononi. Nilikuwa na uwezo wa kufanya lolote. Nilimwona Hénock na mkate wake. Pia niliwaza kwamba huu ni mtego, anataka nitukane, nimpige, nichukuliwe. Nilisimama nimeshika msuko mmoja nusu, siwezi kuumaliza wala kuuachia. Akasema tangu siku ile ulingoni hapati usingizi, kwa sababu kumpiga mtu aliyeshusha mikono kumemwonyesha sura ya jambo ambalo alikaa kiti cha mbele asilione. Akasema anataka kwenda kusema kweli kwenye ile ofisi inayochunguza makosa ya polisi, ila anaogopa kwenda peke yake, na katika jiji hili lote hamjui mtu anayeogopa kama yeye isipokuwa mimi.

Sikumwambia kwamba nimemsamehe. Nilimwambia akae sawa nimalize kichwa. Nilipomaliza nilimpigia Ntuli, akaja na wakili anayewasaidia wazazi wa Hénock. Tulikwenda wote. Nilikaa nje ya mlango wa ofisi ile wakati anaeleza, na alipotoka alikuwa kama mtu aliyetoka kwenye homa.

Habari zilifika kituoni kwake kabla hata hatujafika nyumbani. Polisi wale wawili wamesimamishwa kazi na wanangoja mahakama. Mkubwa wao hajaguswa. Watu walikwenda kwa mama yake Refilwe kule Tembisa wakavunja madirisha. Nyumba ya Ntuli inachungwa. Wakili alimtafutia Refilwe mahali pa kujificha, na baada ya siku chache watu wasiojulikana wakaonekana pale wakiulizia.

Sasa nakuambia lililonifanya nichukue karatasi badala ya simu. Refilwe yuko kwangu. Yuko hapa chumbani ninapoandika, amekaa sakafuni, mgongo ameegemeza mlango, kwa sababu hivyo ndivyo anavyokaa kutwa nzima. Wenzake wanajua nyumba za ndugu zake wote na rafiki zake wote. Hakuna atakayefikiri kwamba konstebo amejificha kwa Mkongomani msusi ambaye yeye mwenyewe alimvunja pua. Majirani nimewaambia ni mgonjwa wa koo, haruhusiwi kuongea, maana akifungua mdomo tu watajua si wa kwetu. Anakula ugali wetu wa bukari na majani ya sombe kwa woga, kama mtoto aliyeletwa ugenini. Anatembea bila viatu ili asisikike. Jana mtu alibisha kwa bahati mbaya, alikuwa anatafuta chumba cha jirani, na sote wawili tulijikuta tumeshikana mikono nyuma ya pazia, mimi nalia bila sauti na yeye hivyo hivyo.

Usinitumie ujumbe kuhusu jambo hili, na usinisihi nimtoe. Nimejisihi mwenyewe kila asubuhi. Nikimtoa, watampata, na akipatikana hakuna atakayesema tena kilichotokea ndani ya gari lile. Ninaogopa kwa ajili yake na ninamwogopa yeye, yote pamoja, na kuna nyakati ananipa kikombe cha chai naona mkono uliofungulia redio. Siku ya mahakama haijatajwa. Tunangoja.

Nakutumia kwa Mama Mamie kitambaa cha mtoto mchanga na sabuni ulizopenda. Mbusu mtoto kwa niaba yangu, nitamwona Mungu akipenda. Nisalimie mama yake Hénock ukipita Katuba, umwambie tu kwamba hatujanyamaza, zaidi ya hapo usimwambie kitu. Ikitokea simu yangu haipatikani, mwulize Mama Mamie, ana namba ya Ntuli.

Na mnapokusanyika jioni kusali, nakuomba usinitaje mimi peke yangu. Mtaje na Refilwe. Sijui bado kama nimemsamehe, lakini usiliache jina lake.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Orpha